Kiinua Mgongo cha Farasi

Farasi wa mbio huanza kushindana akiwa na umri wa miaka 2, hufikia kilele akiwa na 3 au 4, na wengi huwa wameshaondoka uwanjani kabla ya kutimiza 7. Akitunzwa vizuri anaishi mpaka 25, pengine hata 30. Kwa kila mwaka mmoja wa kuingiza fedha, basi, ipo miaka minne hivi ya kula tu. Mfanyakazi yeyote anaijua hesabu hii, na ndiyo maana akiba ya uzeeni hukatwa mshahara ungali unaingia, haisubiri siku ya kukabidhi ofisi. Wasomaji wa Tanzania waliofuatilia mjadala wa kikokotoo cha pensheni hawahitaji kuelezwa jinsi suala la nani achangie na kwa kiwango gani linavyoamua uzee wa mtu. Mbio za Marekani zilichelewa sana kulielewa jambo hilo kwa upande wa farasi. Kwa miaka mingi swali lilikuwa nani atamhurumia mnyama huyu, na majibu yalitafutwa kwa watu wema wenye mashamba. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba makazi ya farasi mstaafu hutengenezwa mapema, akiwa bado anakimbia na hata kabla hajazaliwa, na kwamba juhudi zilizofaulu ni zile zilizolitambua hilo.

Umaarufu haukuwahi kuwa bima. Ferdinand alishinda Kentucky Derby mwaka 1986, mgongoni kwake akiwa Bill Shoemaker, joki wa miaka 54. Mwaka uliofuata akatangazwa Farasi Bora wa Mwaka nchini Marekani. Alipoacha mbio alikuwa ameshaingiza zaidi ya dola milioni 3.7. Mwaka 1994 akauzwa Japani kuwa dume la mbegu, watoto wake hawakuvutia wanunuzi, na mwaka 2002 akatoweka. Jarida la The Blood-Horse lilipofuatilia mwaka uliofuata, liligundua kwamba kwa uwezekano mkubwa alikuwa ameishia machinjioni. Habari ile iliwaumiza Wamarekani wengi, na ikafungua mifuko. Lakini kwa mchambuzi, Ferdinand ni mfano unaopotosha kidogo, kwa sababu farasi wa namna yake ni wachache mno. Anayepaswa kutuhangaisha ni yule asiye na jina.

Huyo asiye na jina hushuka ngazi. Sehemu kubwa ya mbio za Marekani huendeshwa kwa utaratibu ambao kila farasi anayeingia amewekewa bei, na mmiliki mwingine mwenye leseni anaweza kumnunua kwa bei hiyo kabla lango halijafunguliwa. Utaratibu una akili yake: humzuia tajiri kumwingiza farasi hodari katika mbio za wanyonge, maana atanyang'anywa kwa bei ya bure. Athari yake ya pembeni ndiyo inayotuhusu. Farasi anaponunuliwa kwa dola 40,000, kisha 20,000, kisha 8,000, hubadilisha wamiliki katika kila ngazi, na kila anapozidi kuchoka ndivyo mfuko wa mmiliki wake unavyozidi kuwa mwembamba. Siku miguu inapogoma, anayemshika kamba ni yule asiyewahi kuonja zawadi zake kubwa. Kumtaka mtu huyo peke yake agharimie miaka 20 ya malisho ni kumtwika mzigo wa wenzake wote waliotangulia. Akishindwa, humpeleka mnadani, na minadani huko dalali wa machinjio hakosekani. Ukatili si sharti. Inatosha kwamba bili ya nyasi kavu imefika na hakuna mbio nyingine za kuilipa.

Wimbi la kwanza la ufumbuzi lilikuwa la hifadhi. Thoroughbred Retirement Foundation, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilibuni jambo ambalo bado linastahili sifa: iliwaweka farasi kwenye ardhi ya gereza la Wallkill, jimbo la New York, wafungwa wakajifunza kazi ya ufugaji na farasi wakapata watunzaji. Wazo likaenea katika magereza ya majimbo mengine. Hata hivyo hifadhi ina kasoro ambayo nia njema haiwezi kuifuta. Farasi anayeingia akiwa na miaka 6 anaweza kukaa 20, na wakati huo wote nafasi yake haipatikani kwa mwingine, huku gharama zake zikipanda kadiri anavyozeeka. Kila mwaka wanaingia wapya, wa zamani hawatoki. Taasisi hiyo ilifika kuwa na zaidi ya farasi 1,000. Mwaka 2011 The New York Times likaripoti kwamba mashamba yaliyowatunza yalikuwa hayalipwi kwa wakati na baadhi ya farasi walikuwa wamedhoofika kwa njaa. Uongozi ulizipinga tuhuma hizo. Hata tukiacha kando nani alikuwa mkweli, hesabu peke yake inatosha: chumba kimoja cha banda kinachomhifadhi farasi maisha yake yote kinaokoa mmoja katika miaka 20, chumba hichohicho kikimpokea farasi, kikamfundisha upya kwa miezi minne na kumkabidhi mmiliki mpya, kinaweza kupitisha 60.

Ndipo kazi ya ufundi inapoanza, na hapa ndipo watu wenye huruma wasio na ujuzi hukosea. Farasi anayetoka mbioni amefundishwa, tena sana, ila masomo yake ni mengine. Joki akikaza hatamu, farasi huegemea lijamu na kuongeza mwendo. Mpandaji wa kawaida hukaza hatamu akitaka asimame. Joki huinama juu ya vikuku vifupi, kwa hiyo farasi hajui miguu ya mtu inapogusa mbavu inamaanisha nini. Amezoea kupandwa huku anatembea, na akiambiwa asimame kando ya kigoda mtu apande, huona ni jambo geni. Amezunguka upande wa kushoto karibu maisha yake yote ya kazi, hivyo misuli ya pande mbili hailingani. Amefungiwa chumbani sehemu kubwa ya siku na kulishwa nafaka nyingi kwa vipindi, na tafiti za matabibu zimekuta vidonda vya tumbo kwa zaidi ya farasi 8 kati ya 10 walio kwenye mazoezi makali. Mtu anayemnunua Jumatatu na kumpanda Jumanne kisha akalalamika kwamba ana wazimu, amejitakia mwenyewe.

Vituo vinavyofaulu huanza kwa kutofanya kitu. Mwezi mmoja au zaidi farasi huachwa malishoni apoe: nafaka inapunguzwa polepole, majani yanakuwepo saa zote, viatu vyepesi vya mbio vinavuliwa, meno yanasawazishwa, na anajifunza kuishi na wenzake kundini. Wakati huo daktari wa mifugo hupima kano za miguu ya mbele, magoti na vifundo, na matokeo yake ndiyo yanayoamua kila kinachofuata. Mwenye miguu mizima anaweza kuruka viunzi; mwenye kano iliyowahi kuchanika anafaa matembezi ya taratibu; asiyeweza kubeba mtu kabisa ndiye hasa wa kupewa ile nafasi adimu ya hifadhi. Kisha kuna mkataba. Vituo makini humhoji anayeomba farasi, humtaka athibitishe ana malisho na daktari, humkataza kumrudisha mbioni, na hujiwekea haki ya kumchukua tena mambo yakiharibika. New Vocations, kilichoanza Ohio mwaka 1992, kimejenga kazi yake juu ya mzunguko huu wa kupokea, kupima, kufundisha na kukabidhi, na leo hupitisha mamia ya farasi kwa mwaka.

Lakini mafunzo yasingefaa kitu kama hakuna anayemtaka farasi aliyefundishwa. Kwa muda mrefu wapandaji wa Marekani walipendelea farasi wa damu za Ulaya, na Thoroughbred, yaani farasi wa uzao huu wa mbio, alipotoka mbioni alionekana kama nguo ya mtumba. Kilichobadilisha soko ni mashindano. Mwaka 2012 The Jockey Club, inayotunza daftari la uzao wa farasi hao Amerika ya Kaskazini, ilianza kutoa zawadi katika maonyesho kwa Thoroughbred peke yao. Retired Racehorse Project nayo huendesha pale Kentucky Horse Park mashindano ya farasi waliofundishwa upya kwa miezi michache tu, katika fani kumi, kuanzia kuruka viunzi mpaka kuswaga ng'ombe, zawadi zikifikia jumla ya dola 100,000. Mtu mwenye shaka atauliza kwa nini fedha hizo zisinunue nyasi. Ni kwa sababu bei ya farasi ndiyo ngao yake: dalali wa machinjio hununua kwa kilo, na farasi anayetafutwa kwa ajili ya mashindano humshinda bei kabla hata mhisani hajaamka.

Basi nani alipe? Jibu la California, tangu 2008, ndilo ninaloliona la werevu kuliko yote. Kutoka kila zawadi ya mbio hukatwa asilimia 0.3 kwa ajili ya farasi wastaafu; mmiliki asiyetaka ana haki ya kujitoa, ila lazima achukue hatua ya kujitoa. Kwa zawadi ya dola 50,000 makato ni dola 150, kiasi ambacho si rahisi mshindi kusumbukia fomu. Uzuri wake ni kwamba makato yanamfikia mmiliki wa ngazi ya juu, akiwa bado anacheka. Mwaka 2012 wazo la kugawana mzigo likapanuliwa kitaifa kwa kuundwa Thoroughbred Aftercare Alliance, kwa mtaji wa waandaaji wa mbio za Breeders' Cup, The Jockey Club na Keeneland, uwanja wa mbio na minada ya farasi. Chombo hiki hakifugi farasi. Kinakusanya michango ya wafugaji, minada na wamiliki, kisha kinakagua vituo katika maeneo matano: uendeshaji, elimu, afya ya farasi, majengo na huduma, na taratibu za kuwakabidhi. Anayefaulu hupata cheti na ruzuku, na cheti kina mwisho wake. Mpaka sasa zimetolewa zaidi ya dola milioni 30. Yaliyoripotiwa mwaka 2011 yanaonyesha kwa nini ukaguzi ni muhimu kuliko hata hela: banda likijaa kupita kiasi, wema hugeuka njaa.

Wapo wanaosema machinjio ni suluhisho la haki, kwamba yanaweka bei ya chini ambayo hakuna farasi anayeanguka zaidi yake. Hoja hii haipaswi kubezwa. Machinjio ya mwisho ya farasi nchini Marekani yalifungwa mwaka 2007, na ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba farasi wa bei ya chini walishuka thamani na malalamiko ya kutelekezwa yakaongezeka, huku karibu farasi 138,000 wa kila aina wakisafirishwa kwenda Kanada na Mexico mwaka 2010. Kufunga mlango bila kujenga nyumba hakukumwokoa yeyote. Ila machinjio yana soko lake lenye njaa yake. Tazama yaliyowakuta punda: Kenya iliruhusu machinjio yao kwa ajili ya ngozi na nyama za kuuzwa nje. Ya kwanza yalianza kazi mwaka 2016, yakafika manne, na kufikia Februari 2020 serikali ilikuwa imepiga marufuku biashara hiyo baada ya wenye mikokoteni kuamka na kukuta punda wao wameibwa. Bei ya machinjio haikungoja punda wazeeke. Kwa farasi wa mbio kuna kikwazo cha ziada: wengi wametibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo fenilibutazoni, isiyoruhusiwa kwa mnyama wa kuliwa. Uingereza ilikiri hilo kwa vitendo. Tangu Januari 2022 hakuna farasi anayeruhusiwa kukimbia huko kabla pasipoti yake haijaonyesha kwamba ameondolewa kabisa kwenye orodha ya wanyama wa nyama.

Wengine husema dawa ni kuzalisha wachache. Nakubali nusu. Mwaka 1986 Amerika ya Kaskazini ilisajili watoto zaidi ya 51,000 wa Thoroughbred. Miaka ya karibuni hawafiki 20,000, na bila anguko hilo vituo vyote nilivyovitaja vingezama. Lakini ngazi ya kushukia ni ileile hata akizaliwa mmoja. Kanuni inayobatilisha ununuzi pale farasi anapotoka uwanjani akichechemea, kama ilivyo California, inagusa mzizi zaidi, kwa kuwa inamwondolea mmiliki kishawishi cha kumtupia mwingine mguu mbovu. Na wale wanaouita mpango mzima vipodozi vya kuipamba michezo ya kamari wana hoja moja ambayo sina jibu zuri kwake. Dau zinazowekwa kwa Thoroughbred nchini Marekani zimekuwa zikizidi dola bilioni 11 kwa mwaka. Hata tukikumbuka kwamba nyingi hurudi kwa waliobahatisha, ruzuku ya Thoroughbred Aftercare Alliance, dola milioni tatu na ushee kwa mwaka, ni kama senti 3 katika kila dola 100, na mcheza kamari hakatwi hata hiyo moja kwa moja.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye karatasi. Tangu watoto waliozaliwa 2017, kila Thoroughbred anayesajiliwa na The Jockey Club lazima awekewe maikrochipu shingoni, na mmiliki anaweza kumuuza kwa masharti kwamba hatakimbia tena. Daftari hilo hata hivyo linafuata mbio na uzazi. Farasi akishahamia kwa mwalimu wa upandaji, kisha kwa binti wa shule, kisha kwa jirani yake, hakuna anayelazimika kumjulisha yeyote, na mkataba wa kituo unamfunga yule wa kwanza tu. Maikrochipu inabaki shingoni ikiwa na namba isiyo na anwani. Siku farasi huyo anapoingia mnadani akiwa na miaka 17, atajulikana alizaliwa shamba gani na alishinda mbio ngapi. Mtu wa mwisho aliyemlisha hatajulikana, na pale mnadani si sharti mtu aichukue mashine na kuisoma ile namba.