Kando ya Uzio

Neno ndege limebebeshwa mizigo mitatu katika Kiswahili. Ni kiumbe mwenye mabawa, ni chombo kinachobeba abiria angani, na ni dalili ya bahati, kwani wazee wa pwani hawakuanza safari kabla ya kujua kama wana ndege njema au ndege mbaya. Wapo watu wanaoishi na maana zote tatu kwa pamoja. Hukivizia chombo cha bati kwa subira ya mwindaji wa kanga, na siku wakiipata picha waliyoitaka hurudi nyumbani kama waliokutana na ndege njema njiani.

Mimi niliwakuta London, kwenye kipande cha nyasi mwishoni mwa barabara ya Myrtle Avenue, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Hatton Cross. Ni mtaa wa kawaida wa nyumba za kuishi, magari yameegeshwa mbele ya milango. Ghafla juu ya mapaa linachomoza dude la Airbus A380, ghorofa mbili, matairi yote 22 yamening'inia, kivuli chake kinapita juu ya nyasi na juu ya nyuso zenu. Njia ya kutulia ya uwanja wa Heathrow inaanza ng'ambo tu ya barabara kuu. Baada ya dakika moja na nusu hivi inakuja ndege nyingine.

Lakini si kila siku, wala si saa zote. Ndege hutua zikiukabili upepo, kwa hiyo upepo ukivuma kutoka mashariki zinashukia upande wa pili wa uwanja, na nauli yako imekwenda bure. Hata upepo ukiwa wa magharibi, Heathrow ina njia mbili, na saa 9 alasiri hubadilishana zamu: iliyokuwa ya kutulia huwa ya kupalia, ili wakazi wa chini wapate nusu siku ya utulivu. Mzee aliyenisogezea nafasi kando ya kiti chake cha kukunja alikuwa ameyapima yote hayo kabla hajatia chai kwenye chupa.

Nilimtazama yeye kuliko nilivyozitazama ndege. Ncha za viatu vyake zilielekea pale alipotaka picha ipigwe, huku kiwiliwili amekisokota kuelekea ndege inakotoka. Viwiko vimebanwa mbavuni. Kiganja cha kushoto kimeikinga lenzi kwa chini, kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto mchanga. Ndege ilipokaribia kiuno ndicho kilichozunguka, mikono ilikuwa na kazi ya kushika tu, na mwili wote ukajifungua taratibu kama kamba iliyosokotwa. Kidole hakikukigonga kitufe, kilikikamua. Picha ilipokwisha kupigwa hakusimama: aliendelea kuifuata ndege mpaka ikazama nyuma ya nyumba, kwa kuwa anayesita ghafla huitikisa picha ya mwisho, na mara nyingi hiyo ya mwisho ndiyo yenyewe. Kumbuka kwamba ndege kubwa hutua kwa kasi ya kama kilomita 260 kwa saa. Kulishikilia dirisha la marubani mahali palepale ndani ya fremu, kwa sekunde tatu au nne, ni kazi ya mwili kabla ya kuwa kazi ya mashine.

Kipimo hasa cha fundi ni pangaboi. Ndege ya jeti haina taabu: iachie shata kwa sehemu ya 1,000 ya sekunde, picha itatoka safi. Ukifanya hivyo kwa ndege ya pangaboi aina ya Q400, kama zile za Air Tanzania, utapata ndege inayoonekana kama imezimika injini hewani. Pangaboi la Q400 lina mapanga sita na huzunguka kama mara 1,000 kwa dakika, yaani nyuzi 6,000 kwa sekunde. Katika sehemu ya 1,000 ya sekunde panga limesogea nyuzi 6 tu, na jicho linaliona limeganda. Sasa punguza kasi ya shata mpaka sehemu ya 100. Kila panga litasogea nyuzi 60, litafika palepale lilipokuwa panga la mbele yake, na duara zima litajaa, jembamba na lenye kung'aa kama sinia la kioo. Shida ni kwamba katika muda huo mrefu mtetemo wowote wa mkono utazifuta herufi za ubavuni. Mia hupigwa, moja hubaki. Mzee alinionyesha moja ya kwake kwenye kioo cha kamera: ribiti za bati unazihesabu, pangaboi ni ukungu mtupu. Nilikosa la kusema.

Halafu kuna jua. Pale Myrtle Avenue unasimama kusini ya ndege zinazoshuka, na Uingereza jua la adhuhuri haliondoki upande wa kusini, kwa hiyo mchana mwanga uko mgongoni mwako mwaka mzima. Dar es Salaam mambo ni mengine. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, Desemba liko kusini, na upande uliokupa picha nzuri wakati wa kipupwe utakupa kivuli cheusi wakati wa kaskazi. Adui mkubwa zaidi ni mazigazi. Lami ikishapata moto, hewa iliyo juu yake huchezacheza, na ndege ya mbali hutoka kwenye picha kama imechorwa juu ya maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayoliponya hilo. Dawa ni kuamka alfajiri, au kusogea karibu. Na kusogea karibu ndiko kunakomfikisha mtu kwenye uzio.

Wengine hawahitaji hata kamera. Wana darubini na daftari, na wanachoandika ni namba ya usajili: 5H ni Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9Q Kongo, 9XR Rwanda, 9U Burundi, A4O Oman. Alasiri ile iliposhuka Dreamliner ya Kenya Airways, mzee aliziandika herufi zake bila kuinua macho mara mbili, mimi nikahisi nimeitwa kwa jina. Ukiziunganisha daftari hizo unapata maisha ya kila ndege, tangu kiwandani hadi ilipokatwa vyuma chakavu. Chukua Antonov An-225: ilikamilishwa moja tu duniani. Iliruka mara ya kwanza Desemba 1988, ikateketea vitani Ukraine mwaka 2022. Picha zake nyingi tulizobaki nazo zilipigwa na watu wa namna hii, waliosimama kando ya barabara bila kulipwa na mtu.

Ndipo linapokuja suala la askari. Mtu mwenye darubini, redio na daftari la namba, amesimama kwa muda wa saa sita kando ya uwanja wa ndege: nani asiyemtilia shaka? Lakini ustadi huu ulilelewa na ulinzi wenyewe. Uingereza iliunda kikosi cha raia waangaliaji, Observer Corps, mwaka 1925. Katika kiangazi cha 1940 rada za pwani zilitazama baharini; ndege ya adui ikishavuka ufuo, aliyeifuatilia ni raia aliyesimama shambani na darubini yake, akitambua aina kwa umbo na kwa mlio. Mwaka uliofuata mfalme alikipa kikosi hicho heshima ya kuitwa cha kifalme, na likaanza kuchapishwa jarida la The Aeroplane Spotter, lililojaa vivuli vya ndege vya watu kujifunzia. Serikali iliwasihi raia wake watazame juu.

Miaka 60 baadaye, Novemba 2001, Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa karibu na Kalamata, Ugiriki, walikokwenda kutazama maonyesho ya ndege za kijeshi. Walikaa mahabusu zaidi ya mwezi. Aprili 2002 mahakama iliwatia hatiani, wanane kwa ujasusi na sita kwa kuwasaidia; Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikawaachia wote. Majaji wa kwanza hawakuweza kuamini kwamba mtu mzima anaweza kuandika namba za ndege kwa mapenzi tu. Ninawaelewa, na bado naona walikosea.

Januari 2004, huko Palma, Mallorca, mpenzi mmoja wa ndege alipiga picha ya Boeing 737 nyeupe isiyo na jina la shirika, usajili N313P. Kwake ilikuwa picha moja kati ya nyingi. Ndege hiyo ndiyo iliyomchukua Khaled el-Masri, raia wa Ujerumani aliyekamatwa kimakosa, kutoka Skopje hadi gereza la siri la CIA, shirika la kijasusi la Marekani, huko Afghanistan. Waandishi wa habari waliziunganisha picha na namba kama hizo na kumbukumbu za safari, na Desemba 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikampa el-Masri haki yake. Namba iliyoandikwa kwa usahihi haichagui atakayeihitaji kesho.

Viwanja vingine vimelielewa hili. Manchester ina bustani ya wageni kando ya njia ya ndege, yenye vilima vya kusimamia na Concorde nzima ya kutazama. Chicago, kwenye uwanja wa O'Hare, kuna kikundi cha watazamaji waliochunguzwa na kupewa vitambulisho, kazi yao ni kupiga simu polisi wakiona jambo geni. Hesabu yake ni nyepesi: anayesimama mahali pamoja miaka 20 anajua gari lipi si la hapo na waya upi umekatwa jana.

Nami nimewahi kusimamishwa, hapa nyumbani, kwenye uwanja mmoja mdogo.

"Mzee, nani kakuruhusu kupiga picha?"

"Hakuna aliyenikataza, afande."

"Kibao hicho hapo."

Kilikuwapo kweli, nyuma ya matawi ya mwarobaini. Kosa lilikuwa langu; nilifuta picha, nikaomba radhi. Yule kijana alikuwa kazini na aliifanya kwa adabu. Kabla sijaondoka aliniuliza ile iliyotua ni ndege gani, nikamweleza, akatikisa kichwa kwa furaha. Alikuwa ameilinda miezi minane bila kulijua jina lake.

Kwa hiyo wewe kijana mwenye kamera, omba kibali kabla hujaitoa kwenye begi, na usivuke kibao. Nanyi mnaosimamia viwanja vyetu, tengeni kipande cha ardhi nje ya uzio, chenye kivuli. Waandikisheni majina wanaokuja, na wapeni namba ya simu ya lindo.