Hongera, Wafagiaji wa Uga
Kiyoshi Saito, msanii wa Japani aliyefariki mwaka 1997, alichonga kwenye ubao bustani za changarawe za mahekalu ya Kyoto, ambazo mistari yake ya reki imesifika duniani. Haya, nyua za Meru na Embu, Kenya, je? Chai haijachemka, mama keshanyunyiza maji kwenye ule udongo mwekundu, kainama na ufagio wa vijiti, anarudi kinyumenyume asikanyage alikokwisha kupita. Mistari inajipinda kama mawimbi kuzunguka shina la mparachichi. Wahakiki wa kwanza ni kuku, na hawana huruma: saa mbili kazi yote imeparurwa. Kesho anaanza upya, bila reki wala hekalu. Kwangu mimi, huyu ni msanii. Mgeni, tafadhali pitia pembeni.