Sufuria Haihesabu Watu

Kwa mama, chai haikuanza na majani. Ilianza na hodi. Akiisikia tu, mdomo ulisema "karibu," mkono ukaenda kwenye sufuria, na jicho likaja kwangu. Jicho hilo nililielewa bila maelezo: pitia nyuma, mgeni asikuone, kimbia dukani ulete pakiti ya maziwa, mwambie mwenye duka aandike. Nilirudi na pakiti imejificha ndani ya sweta, baridi yake tumboni.

Kazi bure. Nyumba za Kanjo, yaani baraza la jiji, kule Jericho, Eastlands ya Nairobi, hazikujengwa kwa ajili ya siri. Kati ya sebule na jiko la mafuta ya taa palikuwa na pazia tu, na mgeni aliisikia pakiti ikichanwa kama tulivyoisikia sisi. Alichofanya ni kuongea kwa sauti zaidi. Aliuliza habari za shule, akalaumu mvua, akakohoa ilipobidi, ili mwenye nyumba aamini kwamba hakuna aliyesikia kitu. Adabu ya chai ilikuwa na watu wawili, mmoja akificha na mwingine akisaidia kuficha.

Chai yetu ni ya kupika, na anayedhani ni kuchemsha tu hajawahi kusimamia sufuria. Maji nusu, maziwa nusu, hiyo ni wiki ya mshahara. Mwezi ukizeeka maji yalishinda. Majani yalitiwa maji yakianza kunong'ona, kisha maziwa, kisha sukari humo humo. Halafu unasimama hapo, huendi popote. Chai ya maziwa hutulia kama haina habari, ukigeuza shingo imeshapanda na kuzima jiko. Mama aliiacha ifike ukingoni kabisa, akaiinua kwa vipande viwili vya karatasi ya pakiti ya unga, ikashuka, akairudisha. Mara tatu. Kisha alichota kwa kikombe na kuimwaga kutoka juu, tena na tena, mpaka ikatoa povu. Mwisho aligonga chujio kwenye ukingo wa sufuria, ko, ko, na mgeni akajua aketi vizuri.

Lakini ufundi wenyewe ulionekana pale hodi ya pili ilipopigwa chai ikiwa jikoni. Mama hakugeuka wala hakukatiza maneno yake. Kikombe cha maji kiliingia, majani kidogo yakafuata, sukari kidogo, na kipande cha tangawizi kilichopondwa. Tangawizi ndiyo iliyotuokoa. Ikishakuwasha koo, nani atakumbuka kuuliza maziwa yamekwenda wapi? Tulianza watu wawili, tukanywa sita, na sijawahi kuona kikombe kikikosa mtu wala mtu akikosa kikombe.

Majani yenyewe yalikuwa msaada. Miche ya chai ilipandwa Limuru mwaka 1903, na kwa miaka hamsini hivi kilimo hicho kikawa cha walowezi. Wakulima wadogo Waafrika walianza kuruhusiwa miaka ya 1950, na shirika la KTDA likaundwa 1964 kuwashughulikia. Leo chai nyingi ya Kenya hupitia mnada wa Mombasa ikaenda ng'ambo, Pakistani ikiwa mnunuzi mkubwa. Mitaani utasikia watu wakilalamika kwamba sisi tumeachiwa vumbi. Mimi sijiungi na kilio hicho. Majani yaliyosagwa madogo hutoa rangi haraka na hayaogopi maziwa. Kwa sufuria ya Eastlands, jani refu la kifahari lingekuwa hasara.

Maziwa ndiyo yaliyokuwa mtihani. Serikali ya Rais Moi ilipoanza kugawa maziwa ya Nyayo shuleni mwaka 1979, mtoto mtiifu aliyanywa pale pale darasani. Mwenye akili alileta pakiti nyumbani.

Kila mtaa una mkono wake. Majengo ya Pumwani asubuhi ni mahamri na mbaazi. Eastleigh, Wasomali hutia iliki, mdalasini na karafuu mpaka kikombe kinanukia barabarani. Kaloleni, Waluhya walitaniwa kwa kupenda chai kupita kiasi, nao hawakukana, walitumiminia nyingine. Na pasipo maziwa kabisa kuna turungi, ambayo haina aibu yoyote ikiwa moto na ikija na mandazi. Aibu tuliyoifanyia chai ni moja tu, kuipa hongo jina lake.

Siku hizi nakaribishwa kwenye nyumba nzuri za ghorofa, naletewa kikombe cha maji moto na kifuko kimoja kimelala kwenye kisahani. Sina ugomvi na sukari kuwekwa mezani. Kisukari kimeingia katika nyumba nyingi, na kuuliza kwanza ni upendo. Ugomvi wangu ni na kifuko. Kifuko kimoja, mtu mmoja. Hodi ya pili ikipigwa, hakuna mahali pa kumwingiza huyo mtu ila kumfungulia kifuko kingine, na yeye anaona kikifunguliwa. Labda ndiyo maana tumeanza kupigiana simu kabla ya kutembeleana.

Kuna uongo mmoja ambao sote tunaujua. Unamkuta mtu anakunywa, anakwambia "karibu chai," nawe unajibu "asante, nimetoka kunywa," na tumbo linakusuta. Ukipita kwetu Jericho saa kumi jioni, usiseme hivyo. Na usipige simu kwanza.