Hanami ya akina Makioka: kurasa nilizoziruka

Nikiri mapema: mara ya kwanza niliposoma Sasameyuki ya Tanizaki Jun'ichirō, katika tafsiri ya Kiingereza ya Edward Seidensticker, kurasa za maua niliziruka. Nilitaka kujua kama Yukiko ataolewa, basi. Dada hawa wanapanda treni hadi Kyoto, wamevaa kimono, wanatazama maua, wanapiga picha, wanarudi. Nikasema, hapa mzee anatujazia kurasa tu.

Nilikosea.

Riwaya inawafuata mabinti wanne wa ukoo wa Makioka, wafanyabiashara wa Osaka walioanza kufilisika, kuanzia 1936 hadi 1941. Kila Aprili, Sachiko na mumewe, binti yao na wadogo zake wawili, Yukiko na Taeko, huenda hanami, yaani kutazama maua ya mcheri, sakura. Ratiba ni ileile, na kilele chake ni bustani ya hekalu la Heian, penye micheri ya matawi yanayoinama. Maua hayo hukaa wiki moja hivi. Mvua ikipiga, yamekwisha. Sachiko anaogopa kuyakosa. Ila linalomuuma zaidi ni hili: pengine mwakani Yukiko atakuwa kwa mumewe. Anamwombea mdogo wake ndoa, na papo hapo anatamani picha ya mwakani iwe na watu walewale. Hapo ndipo nilipoelewa. Maua yanarudi vilevile kila mwaka, kwa hiyo anayebadilika ni mtu, na anaonekana.

Sasa tazama tarehe. Riwaya ilianza kutoka katika jarida la Chūō Kōron mwaka 1943, na baada ya sehemu mbili tu wanajeshi wakaizuia, eti haiendani na wakati wa vita. Tanizaki akaendelea kuandika kimyakimya. Ilikamilika kuchapishwa 1948. Miaka hiyo sakura ilikuwa imeshavalishwa gwanda: askari aliambiwa kufa kwa ajili ya mfalme ni kuanguka kama petali, na ndege moja ya kujitoa mhanga ikaitwa Ōka, ua la mcheri.

Wapo wanaomlaumu Tanizaki kwamba alijificha kwenye kimono huku China ikiungua. Lawama hiyo siidharau. Vita vinapita pembeni mwa riwaya kama kelele za jirani. Lakini wale wanajeshi hawakuwa wajinga. Waliona kitabu ambamo ua linaloanguka halimwiti mtu akafe. Linamfanya dada atamani wenzake wabaki. Kwa mwaka 1943, hilo lilikuwa neno zito.

Na mwisho wake je? Samahani, nawamalizia uhondo. Ni Aprili 1941, mwezi wa maua, na Yukiko yuko kwenye treni kwenda Tokyo kuolewa, tumbo linamwendesha. Safari hii picha ya mwakani haitamsubiri. Ukikisoma kitabu hiki, usiruke kurasa kama mimi.