Nani Alimpiga Risasi Yoni? Uhakiki wa Filamu *Follow Me*

*Follow Me: The Yoni Netanyahu Story*, iliyoongozwa na Jonathan Gruber na Ari Daniel Pinchot mwaka 2012, ni filamu ya maisha ya Luteni Kanali Yonatan Netanyahu, aliyekufa Entebbe, Uganda, usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976. Usiku ule makomando wa Israeli waliwaokoa mateka wa ndege ya Air France iliyotekwa tarehe 27 Juni na kupelekwa Entebbe kupitia Benghazi. Yoni, mwenye umri wa miaka 30, ndiye mwanajeshi pekee wa Israeli aliyeuawa.

Kifani, filamu imejengwa kwa mbinu rejeshi. Saa za uokoaji zinakatizwa kila mara na maisha ya Yoni: utoto Yerusalemu, sekondari Marekani, jeraha la kiwiko katika vita vya 1967, ndoa na Tuti iliyovunjika, kisha mapenzi na Bruria. Barua zake ndizo uti wa mgongo wa filamu. Ndani yake tunamsikia kijana anayewaona wenzake wa Marekani hawana jambo la maana la kuwaza, baadaye mtu mzima aliyechoka, anayejua kwamba jeshi linakula ndoa yake. Huyu ni mhusika duara kwelikweli, na Tuti anapomzungumzia hamgeuzi malaika. Sehemu hizi ningependa zitazamwe na kila mwanafunzi anayedhani shujaa ni misuli.

Tatizo linaanza ndege zinapotua Entebbe.

Niliitazama nyumbani Gitaza pamoja na baba mdogo, ambaye aliwahi kuwa askari. Nilikuwa namfasiria. Yoni alipoanguka, akauliza, "Huyu aliyempiga ni nani?" Nikamjibu kuwa ni askari wa Uganda. "Hilo nimeliona. Nauliza ni nani."

Filamu haina jibu, wala haioni kama hapo pana swali. Tuilinganishe na *Utendi wa Fumo Liyongo* wa Muhammad Kijumwa (1913), tunaousoma darasani. Muuaji wa Liyongo ni mwanawe mwenyewe, mwenye sindano ya shaba. Tunajua alihongwa nini, na tunajua alivyoishia. Kifo cha Liyongo kina uzito kwa sababu mkono uliomuua nao ni wa mtu. Katika *Follow Me* risasi inatoka gizani tu. Waganda waliokufa pale ni makumi, lakini ni wahusika bapa kuliko hata ile Mercedes nyeusi ya kuwahadaa walinzi.

Kuna atakayesema filamu ni ya Yoni, si ya Waganda, tena jeshi la Idi Amin lilikuwa upande wa watekaji. Ni kweli. Amin ni yule yule ambaye watu wake walimuua Dora Bloch, mama wa miaka 74 aliyekuwa amelazwa Mulago, baada ya wenzake kuokolewa, na Wakenya waliokuwa Uganda nao wakauawa kwa kisasi kwa sababu ndege za Israeli zilijaza mafuta Nairobi. Simtetei. Lakini kosa la Amin halimfanyi mlinzi wa zamu ya usiku asiwe na mke wala barua. Hoja hii sikuitoa mbali: kwa zaidi ya saa nzima filamu yenyewe inatufundisha kwamba nyuma ya sare kuna mtu, halafu inapofika Entebbe inasahau somo lake.

Kwetu Burundi swali la baba mdogo si la mchezo. Kuanzia Desemba 2007, kwa miaka mingi, askari wetu walikuwa wakipelekwa Somalia, na wapo waliorudi ndani ya masanduku. Katika filamu ya mtu mwingine, siku moja, nao watakuwa vivuli vinavyoanguka nyuma ya shujaa wa wengine.

Nimeitazama tena peke yangu. Mara hii niliruka sehemu zote za uwanja wa ndege, nikasikiliza barua na wale wanawake wawili tu. Ilikuwa filamu fupi zaidi, na bora zaidi.