Chungu, Kijiti na Kamba ya Katani

Hapa Kimamba, wilayani Kilosa, panya hana mtetezi. Mkulima aliyepanda mahindi jana, leo akakuta mbegu zimefukuliwa shimo baada ya shimo, hana sababu ya kumhurumia, na mwenye ghala pale Kilosa huwaza mtego na sumu tu. Lakini ni mkoa huuhuu wa Morogoro uliolea mafundi wanaomtunza panya kwa ustadi ninaouheshimu sawa na useremala au ufinyanzi: ustadi wa kuandaa makazi ya mnyama aliyefungiwa ili maumbile yake yapate kazi ya kufanya.

Mafundi hao wapo Morogoro mjini, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako shirika la APOPO liliweka makao yake mwaka 2000. Mwanzilishi wake, Mbelgiji Bart Weetjens, alikuwa akitafuta njia rahisi ya kugundua mabomu ya kutegwa ardhini, akashauriwa amtumie panya buku, mwenyeji wa nchi hii. Macho yake ni hafifu, pua yake ni hodari, uzito wake wa kilo moja na ushei hautoshi kulipua bomu, na akitunzwa vizuri huishi miaka 7 au 8. Baadaye panya wengine wakafundishwa kunusa makohozi, wakawabaini wagonjwa wa kifua kikuu ambao kliniki ziliwakosa. Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, aligundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100, na Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamtunuku nishani ya dhahabu. Panya huyo amekwisha kusifiwa. Mimi nataka kuwasemea watunzaji.

Anza na chungu. Porini panya buku hushinda shimoni mchana na kutoka usiku, hivyo mwanga mkali ndani ya kizimba cha waya ni adhabu kwake hata kama chakula kimejaa. Chungu cha udongo humrudishia giza, na udongo hubaki na ubaridi hata joto la Morogoro likipamba moto. Pembeni huwekwa kijiti kigumu kisichopakwa rangi, kwa kuwa meno ya mbele ya panya hayaachi kukua maisha yake yote. Asiye na cha kutafuna atatafuna waya mpaka ajijeruhi mdomo. Chini humwagwa maranda au majani makavu, atandike mwenyewe. Hapo ndipo mhudumu wa kawaida anapoachana na fundi. Wa kwanza akikuta kitanda kimevurugika hutupa chote, akasugua mpaka kizimba kizima kinanuka dawa. Fundi hutoa uchafu, lakini huacha konzi moja ya matandiko makavu ya zamani, maana panya huijua nyumba yake kwa pua, na ukiifuta harufu yake yote umemhamisha bila kumsogeza.

Kisha chakula. Mpe panya buku karanga zilizomenywa kwenye bakuli, atazimaliza na shughuli yake ya siku imeishia hapo. Zifukie na maganda yake ndani ya maranda, halafu mtazame. Pua hutangulia, masharubu yakitetemeka. Karanga ya kwanza hushikwa kwa mikono miwili, hugeuzwageuzwa, kisha husukumwa ndani ya mfuko wa shavu. Ya pili, ya tatu, mpaka kichwa kinakuwa kipana kuliko mabega. Hapo hurudi chunguni, akazitema, akazipanga, akatoka kutafuta tena. Hana njaa, anaweka akiba, kama walivyofanya babu zake chini ya mizizi ya miti ya Uluguru, na mwili wake wote umeshika kazi. Karanga ni zilezile. Tofauti ni kwamba safari hii amezitafuta.

Na kamba. Kimamba, nchi ya mashamba ya mkonge, haihitaji kuelezwa katani ni nini. Mkonge wenyewe ni mgeni: Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na kati ya miche 1,000 iliyoanza safari ni 62 tu iliyofika hai na kupandwa upande wa Pangani. Leo kamba ya katani hutundikwa katika vizimba vya kasuku, nyani na panya katika nchi nyingi, kwa kuwa haitelezi, inashikika kwa kucha, na mnyama akiichambua singa moja moja halali na plastiki tumboni. Ila inataka mjuzi. Kamba ya kufungia majani ya mifugo mara nyingi hutiwa mafuta, nyingine hata dawa ya kufukuza panya. Ukiitundika kizimbani umetundika sumu. Singa zikilegea, huweza kuuzunguka mguu na kuzuia damu isipite. Kwa hiyo fundi huchagua kamba kavu isiyotiwa kitu, huikata fupi, huipapasa kila asubuhi na kuiondoa kabla haijachakaa.

Fundi huyu hujifunza kwa mnyama aliye huru. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, iko jirani, na nyani wake wa manjano wamefuatiliwa na watafiti tangu miaka ya 1970. Watazame kando ya barabara ya Iringa: sehemu kubwa ya siku yao inapita vidoleni, wakichimbua mizizi, wakipasua mbegu, wakigeuza mawe, na hakuna anayekaa mbali na jamaa zake. Nyani wa aina hiyo akiwekwa maabara peke yake, akapewa chakula kikavu cha kiwandani kwa saa maalumu, muda uliobaki huujaza kwa kuzunguka mahali pamoja, kujinyonyoa manyoya au kujiuma. Dawa yake inaonekana palepale Mikumi: sanduku lenye matundu ambamo nafaka hutolewa punje kwa punje kwa kidole, na kabla ya hilo, mwenzake wa kukaa naye.

Wapo watakaosema huku ni kumdekeza mnyama wa utafiti. Lakini Donald Hebb, mwanasaikolojia wa Kanada, aliripoti mwaka 1947 kwamba panya waliolelewa huru nyumbani kwake waliwapita wenzao wa vizimba vya maabara katika majaribio ya kutafuta njia. Miaka ya 1960 Mark Rosenzweig na wenzake huko Berkeley, Marekani, wakaonyesha kwamba panya waliopewa vitu vya kuchezea na wenzao wa kuishi nao huwa na gamba la ubongo zito zaidi. Basi anayejaribu dawa kwa panya aliyedumazwa na upweke anapima dawa na upweke kwa pamoja, na majibu yake yana doa. Nami nisingependa kukanyaga ardhi iliyothibitishwa kuwa salama na panya aliyekata tamaa.

Hata hivyo chungu hakifuti kifungo. Mnyama asiye na ulazima wa kufungiwa aachwe porini kwake. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na hisia hizo hazikomi mlango unapofungwa. Yule tuliyeamua kumfungia kwa faida yetu anatudai siku zenye maana kwake. Deni hilo hulipwa asubuhi moja baada ya nyingine na mtu mwenye ufagio, karanga mkononi na macho yaliyozoea kuona. Naomba mtu huyo ahesabiwe fundi: alipwe kama fundi, atajwe matokeo ya utafiti yanaposomwa, na vyuo vyetu vya mifugo vimpe wanafunzi. Udongo, kijiti, katani na karanga tunavyo tele hapa Kilosa. Kilicho adimu ni ujuzi wake, na ujuzi usiporithishwa huzikwa na mwenyewe.