Safu ya sifuri na moja: wanawake na faida za benki



Kuna makala tunazotumiana sana siku hizi. Mtafiti anakusanya benki za nchi zinazoinukia, anaweka safu moja ya namba (bosi mwanamume sifuri, mwanamke moja), kompyuta inakoroga, na jibu linatoka: akina mama wanaongeza faida. Nataka sana wanawake waongoze benki. Hoja hii ndiyo siitaki, maana itawageukia.

Chukueni NMB ya Tanzania. Ineke Bussemaker, Mholanzi, aliiongoza kuanzia 2015 hadi 2018. Mwaka 2016 faida baada ya kodi ilikuwa kama shilingi bilioni 150. 2017 ikaporomoka chini ya bilioni 100. Ruth Zaipuna akathibitishwa kuwa mtendaji mkuu mwaka 2020. Faida ya mwaka huo ilikuwa kama bilioni 206, na 2022 ikafika 429. Wote wawili kwenye safu ni "moja". Sasa hiyo moja imefanya kazi gani?

Hebu mtazame jirani yake, CRDB. Mwaka huohuo wa 2017, chini ya Dk. Charles Kimei, faida yake ilikatika karibu nusu. Kisha chini ya Abdulmajid Nsekela ikapanda kutoka bilioni 165 mwaka 2020 hadi 351 mwaka 2022. Yaani benki zote mbili, ya mama na ya baba, zilizidisha faida mara mbili na kidogo! Kilichotokea kinajulikana. Mwaka 2016 serikali ilihamishia Benki Kuu fedha za mashirika ya umma, amana za bei nafuu zikakauka, na mikopo chechefu ikavuka asilimia 10 mwaka 2017. Kufikia mwisho wa 2022 ilikuwa imeteremka chini ya asilimia 6. Mtu aliyeamini safu ile mwaka 2017 angesema nini juu ya Bussemaker? Angesema mwanamke ameshindwa, basi.

Halafu kuna jambo linalonikera zaidi. Zaipuna aliingia NMB 2018 kama afisa mkuu wa fedha, akafanya kazi chini ya bosi mwanamume. Miaka ile aliyokaa na vitabu vya hesabu, safu inampa sifuri. Mwanamke anaanza kuhesabiwa siku anapokalia kiti cha juu tu.

Wengine huchanganya bodi na menejimenti. Hapa Ubelgiji sheria ya 2011 inataka theluthi moja ya wajumbe wa bodi za kampuni zilizo kwenye soko la hisa wawe wanawake. Kiti cha mtendaji mkuu haikigusi kabisa. Hayo ni mambo mawili, jamani.

Na Benki ya Wanawake Tanzania mbona haitajwi? Ilifunguliwa 2009, mtaji mdogo, wateja wenye mikopo midogo. Januari 2018 Benki Kuu iliipa miezi sita iongeze mtaji, na mwaka huohuo ikamezwa na TPB. Kiti cha juu hakiwezi kuziba pengo la mtaji, awe amekikalia nani.

Mimi ningependa kujua nani anakaa kwenye kamati za mikopo, kule mkopo wa milioni mbili wa mama wa sokoni unakokubaliwa au kukataliwa. Kama yupo kati yenu aliyewahi kufanya kazi matawini, Mwanza au Mbeya, atueleze alivyoona.

Wasalaam.